Mazishi ya Miezi Sita

Kama hujawahi kuwa mwenyekiti wa soko, usiwe na haraka ya kumcheka Mwalimu Dorkas. Ni raha, nakuambia. Unaingia asubuhi na kikapu chako mkononi, na kuanzia langoni mpaka kwenye matenga ya kuku ni "shikamoo Mwalimu" mfululizo, na wewe kazi yako ni kuitikia marahaba huku unaangalia nani ametandaza vitunguu vyake nje ya mstari. Mwanamke aliyefundisha somo la uraia kule Kiomboi miaka nenda miaka rudi, akapigiwa kelele na watoto wa watu mpaka akastaafu, leo anapita na soko zima linakaa sawa. Dorkas alikuwa na furaha, na wala hakuificha.

Soko lenyewe linaitwa la Njiapanda, Singida Mjini, na wenyewe wanaliita mji. Lina mtaa wa vitunguu, mtaa wa mafuta ya alizeti, mtaa wa kuku, na kule mwisho, kwenye ukuta wa vyoo, upo Mtaa wa Adhabu. Hakuna kiongozi aliyewahi kuutaja kwa jina hilo, lakini muulize hata mtoto atakuonyesha. Mwenyekiti ndiye anayegawa vizimba, na ndiye anayeshika ufunguo wa bomba. Ukiwa na maji na mahali pa watu kukaa, mji ni wako.

Sasa shida ya Dorkas ilikuwa hii. Aliwekwa kuwa mwenyekiti wa muda, miezi sita tu, mpaka uchaguzi uitishwe. Miezi sita ilipoisha akasema tumalize paa kwanza. Paa likaisha, akasema tusubiri mavuno ya alizeti, watu wana shughuli. Alizeti ikavunwa, ikakamuliwa, ikauzwa. Janeth, muuza nyanya, ambaye alikuwa anataka kugombea, alishauliza kwa adabu zote uchaguzi ni lini, akajibiwa asubiri. Ijumaa hii ulikuwa mkutano wa soko, na Dorkas alikuwa ameshachagua sababu nyingine: choo kipya. Watu wakikubali, atakalia kiti mpaka mwakani bila kupigiwa kura. Wakikataa, atapambana na Janeth, na akishindwa atarudi kuuza chupa zake za mafuta ya alizeti, mtu wa kawaida. Wazo hilo lilimkata maini kila lilipomjia.

Kabla yake alikuwepo Mzee Alute, muuza kuku, Mnyaturu wa upande wa Ikungi, na huyo wala hakujiita wa muda. Alianza kwa wema, kama wanavyoanza wengi. Soko halikuwa na maji, akina mama walikuwa wanaomba kwenye nyumba za watu na kunyanyaswa. Alute akahangaika maofisini mpaka bomba likaja. Watu wakambeba juujuu, na ufunguo wakamkabidhi kwa mikono yao wenyewe. Hapo ndipo alipowaweza. Ukimnunia, siku hiyo bomba lina hitilafu. Ukiuliza maswali kikaoni, baada ya muda kizimba chako kimehamia Mtaa wa Adhabu. Wauza kuku aliwaambia kwamba wauza vitunguu wanawaonea wivu, wauza vitunguu aliwaambia kwamba wauza kuku wanataka kuwahamisha, basi wote wakawa wanamkimbilia yeye awaamue. Tena alikuwa na wabeba mizigo wake wenye masikio marefu. Neno ulilomnong'oneza jirani yako asubuhi, mchana Alute anakurudishia mwenyewe, kwa sauti ya upole, na anakuuliza watoto hawajambo.

Kura? Hakuitisha hata siku moja.

Mtu aliyekuwa anamsema usoni ni mmoja tu, Dorkas. Na msije mkadhani ulikuwa ujasiri. Dorkas ni Mnyiramba wa Kinampanda, na Mnyiramba na Mnyaturu ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu, anakuita mtumwa wake, anasema babu yako alikuja kwao kuomba chumvi akabaki kuchunga mbuzi, na wewe unacheka, maana mtu anayekasirikia utani anadharaulika kuliko mwizi. Basi kikaoni watu wote wameinamisha vichwa, Dorkas ananyoosha mkono. "Mtani, hicho kiti ulizaliwa nacho? Naona kimeshaota mizizi." Soko zima linaangua kicheko. Alute naye anacheka, atafanyaje, kisha anamjibu kwamba Wanyiramba walijua viti tangu lini, si walikuwa wanakaa kwenye mawe. Kesho yake Dorkas anapata maji kama kawaida.

Hapo ndipo watu wa Njiapanda walipokosea. Walidhani wamepata mtu asiyeogopa. Siku walipochoka na Alute, walikaa chini nje ya lango na bidhaa zao, hakuna anayeuza, hakuna anayeingia, mpaka mzee akatoa ufunguo mwenyewe. Walipoulizana nani ashike, jina lililotoka midomoni lilikuwa moja. Ruhusa ya mtani wakaiita ushujaa, wakaipa kiti.

Naye alitawala vizuri, tusimnyime haki yake. Maji yalitoka kila siku. Paa la mabati lilifunika mpaka mtaa wa vitunguu. Ule ugomvi wa kuku na vitunguu aliumaliza kwa kikao kimoja na sufuria la pilau. Wabeba mizigo aliwaambia wabebe mizigo. Wapelelezi hakuwahitaji, kwa sababu alianzisha kundi la soko la WhatsApp, na kelele zilipozidi akalifunga, akabaki yeye tu anayeweza kutuma ujumbe, wengine wote kazi yao kusoma. Mzee Alute alimhamishia kwenye ukuta wa vyoo, kwa ajili ya nidhamu, alisema. Kwenye kundi hakumwingiza kabisa.

Mambo yalikuwa yanakwenda, mpaka alipokuja mgeni kutoka manispaa kuangalia lile paa. Dorkas amevaa kitenge chake kipya, anamtembeza. Wakafika kwa Chediel, muuza vitunguu, Mnyaturu mwenye mdomo. Chediel akainuka, akashika kofia yake kifuani. "Karibu sana mgeni. Huyu ndiye mwenyekiti wetu wa muda. Muda wenyewe bado tunautafuta."

Watu walicheka mpaka mgeni naye akacheka. Dorkas alicheka kwa meno tu. Uso ulikuwa unamwaka, na jioni ile simu za soko zima zikalia: "Ndugu wafanyabiashara, kwa heshima ya soko letu, utani umesimamishwa hadi uchaguzi utakapofanyika." Wote waliusoma. Hakuna aliyejibu, kwa sababu pa kujibia hapakuwepo.

Jamani, mtu amewahi kusimamisha utani? Unaweza kusimamisha gari, unaweza kusimamisha mshahara. Lakini Njiapanda walitii. Soko likawa na adabu ya kanisani. Chediel akaanza kumpa shikamoo, Chediel huyu huyu ambaye zamani alikuwa anamwamkia kwa kumuuliza bei ya watumwa imefikia wapi. Siku ya kwanza Dorkas alijisikia vizuri. Siku zilizofuata akawa anapita pale kwenye vitunguu polepole kidogo, akisubiri, na anachokipata ni shikamoo. Akajiambia kwamba heshima ndivyo ilivyo.

Jumatano, siku mbili kabla ya mkutano, alikwenda Mtaa wa Adhabu. Alikuwa na jambo la kuuliza, na mtu pekee anayelijua alikuwa Alute. Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anawamwagia kuku wake mtama.

"Karibu, Mnyiramba. Umekuja kumtembelea mfungwa?"

"Nimekuja kikazi. Utani umesimamishwa."

"Umesimamishwa kwenye simu," Alute alisema. "Mimi kwenye simu yenu simo."

Dorkas akavuta ndoo nyingine, akakaa. Alizunguka kidogo, akaulizia kuku, akaulizia mguu wa mzee uliokuwa unamsumbua, mwisho akatoa lililomleta. "Wewe ulikaa miaka yote ile. Watu walipokuwa wanauliza uchaguzi, uliwafanyaje?"

Macho ya Alute yakachangamka. Tangu atolewe, hakuna aliyewahi kumwomba ushauri wa kazi aliyoifanya muda mrefu kuliko ya kuku. Akaweka bakuli la mtama chini.

"Mimi nilikuwa nasema maji. Subirini, mabomba hayajakaa vizuri, tusiyumbishe mambo. Wewe unasema nini?"

"Ijumaa nasema choo."

Mzee alifikiria. "Ya kwako ni nzuri kuliko yangu. Maji yakikatika, mtu anakasirika. Choo ambacho hakijajengwa hakimuudhi mtu, anasubiri tu. Na habari za watu unazipataje? Mimi wabeba mizigo walikuwa wananimaliza kwa chai na maandazi."

"Naangalia kwenye simu nani amesoma ujumbe, na nani hajausoma mpaka jioni. Asiyesoma ndiye mwenye lake."

"Bila chai?"

"Bila chai."

Alute alitikisa kichwa kwa wivu wa fundi aliyeonyeshwa mashine mpya. Dorkas akajikuta anatabasamu, na ualimu ukampanda. Akamwambia kwamba haya alikuwa anayafundisha darasani, kipindi cha baada ya chakula, nusu ya wanafunzi wanasinzia. Watawala wanaoiteka miji hawafanani wanapoingia, alisema. Kuna anayeingia na askari, na huyo inabidi kila mwaka awatafutie watu adui, la sivyo wataanza kuuliza askari ni wa nini. Kuna anayeingia na mikate, na huyo anaombea njaa isiishe. Kuna anayeingia kwa kuwaokoa watu na mtawala aliyepita, na huyo hachoki kuwakumbusha walikuwa na hali gani. Wakishakaa ndipo wanapofanana. Wote wanasema bado.

"Na wa maji anataka kiu," Alute alisema. "Hilo nakubali, ndiyo mimi. Na wewe ni yupi hapo?"

"Mimi si wa kundi hilo."

"Haya."

Kuku wakadonoa. Kisha mzee akasema, bila hila yoyote, "Mimi kosa langu lilikuwa moja tu. Niliacha mdomo mmoja wazi, mdomo wako. Nilitamani kuuziba, usidhani sikutamani. Lakini mila niliiogopa. Wewe mila hukuiogopa, umefunga midomo yote. Umenizidi, mtani. Mimi huko sikufika."

Alisema kwa kumsifu kabisa. Dorkas aliinuka bila kuaga, akapita mtaa wa kuku na wa vitunguu haraka haraka, na kila shikamoo aliyopewa njiani ilimchoma. Alikasirika na Alute, akakasirika na Chediel, mchana ukafika akiwa amekasirika na kuku. Lakini choo hakukiacha. Alikuwa ameshakipenda kile kiti, na ukishapenda kitu hutaki kuambiwa.

Ijumaa, baada ya watu kurudi kutoka msikitini, mkutano ukakaa chini ya paa jipya. Dorkas akasimama, miwani kwenye ncha ya pua, akaanza kueleza umuhimu wa choo cha kisasa. Watu walikuwa kimya, wanamtazama kwa ile adabu yao mpya. Janeth alikuwa anaangalia nyanya zake. Jambo lilikuwa linapita, Dorkas aliliona kabisa linapita, ndipo kilio kikaanza upande wa vyoo.

Kilikuwa kilio cha msiba. Mbele alikuja Mzee Alute, amejifunga khanga kiunoni, anachechemea na kuomboleza. Nyuma yake Wanyaturu wa vitunguu wamebeba tenga la kuku mabegani, limefunikwa shuka jeupe, na Chediel yuko katikati yao anapangusa machozi ambayo hayapo. Wakalitua tenga mbele ya mwenyekiti, taratibu, kwa heshima zote.

"Kuna nini?" Dorkas aliuliza, ingawa alikuwa ameshahisi.

"Tumefiwa," Alute alisema. "Amefariki Miezi Sita. Alizaliwa pale langoni, sote tukamshangilia. Akafa mapema, na mwili umekaa ofisini kwako mpaka leo haujazikwa. Sasa kwenu Wanyiramba anayezika ni nani? Si mtani? Nimekuja kufanya kazi yangu."

Kisha akatoa miwani mfukoni, akaiweka kwenye ncha ya pua, akanyoosha shingo. "Ndugu wafanyabiashara," akasema, "kwa heshima ya soko letu, kilio kimesimamishwa hadi choo kitakapokamilika."

Ilikuwa sauti ya Dorkas. Ilikuwa yeye, kidevu na kila kitu. Akina mama waliziba midomo kwa khanga, mabega yanatikisika, lakini hakuna aliyethubutu kucheka, wote wanamtazama Dorkas. Naye alikasirika, asikudanganye mtu. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Ufunguo wa bomba ulikuwa kiunoni mwake. Angeweza kuwahamisha wote walioshika lile tenga, mmoja mmoja, mpaka ukuta wa vyoo ujae. Mdomo aliufungua kabisa aseme tokeni.

Akamwona Chediel. Chediel alikuwa ameacha kulia kwa mchezo, amesimama ameshika shuka, anaogopa. Dorkas aliujua uso ule. Aliuona miaka yote kwenye vikao vya Alute, watu wakimwangalia mzee hivyo hivyo, yeye Dorkas akiwaonea huruma. Hakuwahi kudhani ipo siku mtu atamwangalia hivyo yeye, tena mtu wa vitunguu, mtani wake. Iliuma. Akafunga mdomo. Kicheko kilianzia puani, akakibana, kikamshinda, akacheka mpaka akashika meza, na soko zima likapata ruhusa yake.

Walipotulia, akavua miwani. "Haya. Watani wakileta maiti, mfiwa anawapoza kwa kitu ndipo wazike. Unataka nini, mtumwa wangu?"

"Tarehe," Alute alisema.

Dorkas akaliangalia lile tenga. Hata wakati ule moyo ulimvuta, choo kilikuwa bado kinamjia ulimini. "Jumamosi ijayo," akasema. Shuka likafunuliwa. Ndani ya tenga alikuwemo jogoo ambaye hakuwa na habari na msiba wowote, akatoka mbio kuelekea kwenye mtama wa watu.

Jumamosi wakapiga kura kwa kupanga mistari. Mgombea anasimama ameupa mkutano mgongo, anayemtaka anakwenda kusimama nyuma yake, na kugeuka ni mwiko mpaka msimamizi aseme. Dorkas alisimama kulia, Janeth kushoto, wote wanatazama barabarani, bodaboda zinapita na maisha yao. Nyuma alisikia miguu, inakuja, inapita, inasita, na hakujua ni ya nani wala inakwenda kwa nani. Katika maisha yake hakuwahi kuogopa hivyo. Alimwomba Mungu ampe moyo wa kurudi kwenye chupa za mafuta bila kinyongo, na kwa mara ya kwanza aliona inawezekana.

Msimamizi akasema geukeni. Mstari wa Janeth ulikuwa mrefu, si wa kudharau. Wa Dorkas ulipita vitunguu, ukakunja kona kwenye alizeti, mwisho wake hauonekani. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja, machozi yakamtoka hadharani, mwenyekiti mzima. Kumbe walikuwa wanamtaka. Muda wote ule aliokuwa anawafungia, anawapima kwenye simu, anatafuta paa na choo cha kujifichia, walikuwa wanamtaka hivi hivi, na yeye aliwanyima nafasi ya kumwambia. Janeth akaja akampa mkono, akamwahidi kumshinda uchaguzi ujao, na Dorkas akamwambia ajitahidi.

"Mnyiramba," Chediel akasema kutoka kwenye foleni, "nimekupa kura, lakini lile paa linavuja kwangu. Watumwa hamjui kupiga misumari."

Dorkas alimtukana vizuri, kwa Kinyiramba, tusi refu la kwao Kinampanda, akajisikia mwepesi.

Jioni alikwenda ukutani kwa vyoo kumwambia Mzee Alute arudi mtaa wa kuku, mahali pake pa zamani. Mzee yeye alikuwa amesimama kwenye mstari wa Janeth, na aliposimama pale alitangaza kwamba Mnyaturu hawezi kumpigia kura mtumwa aliyemnunua mwenyewe. Dorkas alikuwa amejiandaa na jibu la hilo njia nzima. Alimkuta amekaa juu ya ile ndoo, matenga yako wazi, hajafunga hata moja.

"Dorkas," alisema. Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwaka ule bomba lilipokuja. Kama ningewapanga mistari namna ile, wangesimama kwangu?"

Utani ulikuwa umeshamfika mdomoni, tena mzuri. Akauona uso wa mzee, akaurudisha ule utani.

"Sijui, Mzee Alute," akasema. "Ungewauliza."

Alute akafunga matenga yake, moja baada ya jingine. Kisha akainuka, Dorkas akashika upande mmoja wa tenga, yeye akashika upande wa pili, wakaanza kuhama.